Taa ya Kijani Kule Kimana

Asubuhi ile nilitoka Kitengela bila mpango. Nilivaa koti, nikatia laptopu na spana kwenye mfuko wa unga, nikafunga chumba na kwenda kusimama kando ya barabara ya Namanga. Nikawa naangalia malori yanayoelekea kusini bila kujua nitapanda lipi. Chai niliiacha mezani ikitoa mvuke. Maji ya Kitengela yana chumvi, na chai yake wageni huitema, lakini mimi nilikuwa nimeizoea kiasi cha kuona chai ya kwingine imepungukiwa na kitu.

Nimeondoka hivyo mara nyingi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimechonga mawe, nimeosha magari, nimechunga mbuzi wa watu na kupaka rangi minara ya simu. Kila nilipohama nilikuwa nafuata kitu nilichotaka kukiona. Siku hiyo nilikuwa nafuata kitu nilichoomba nisikikute.

Kilichonitoa nyumbani ni picha. Mama mmoja mfugaji wa Kimana alikuwa amenitumia jioni iliyotangulia, nami nikaifungua nilipoamka. Ilikuwa picha ya kisanduku cha plastiki kilichopigiliwa ukutani, na juu yake taa ndogo ya kijani. Tangu kisanduku hicho kifungwe, taa hiyo ilikuwa nyekundu. Chini ya picha aliandika: "Fundi, mnara umewashwa. Mashine yako sasa iko na netiwaki. Ona vile inafurahi."

Nilimpigia simu papo hapo. Mteja hapatikani. Nikamwandikia: "Mama, ng'ombe wasinywe maji ya hori. Zima mashine." Ujumbe ulibaki na alama moja, ishara kwamba haujafika. Nikapiga tena nikiwa navaa viatu, na tena nikiwa mlangoni.

Mama huyo sikuwa nimewahi kumwona. Nilimjua kwa sauti tu, kwa sababu mashine ikisumbua alikuwa akinipigia mimi. Mashine yenyewe iliundwa na jirani yangu wa ploti pale Kitengela, binti wa Kikamba aliyesomea kompyuta chuoni. Mimi nilisomea mlangoni kwake. Alikuwa akifua nguo huku akinieleza, nami nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, laptopu yangu kuukuu magotini, nikimuuliza maswali mpaka anitishie kunimwagia maji ya sabuni. Baadaye aliolewa akahamia Matasia, nami nikabaki na simu za watu wa Kimana.

Kazi ya mashine ilikuwa rahisi. Majirani kadhaa wa Kimana, wengine wakulima wa vitunguu na wengine wafugaji, walikuwa na matangi mawili na bomba moja refu. Tangi moja lilikuwa la maji safi, na la pili wakulima walichanganyia mbolea ya duka. Kwenye bomba kulikuwa na koki nne. Jua likishuka, mashine ilifungua koki moja na kujaza hori la ng'ombe kwa maji safi, halafu ikafungua nyingine na kupeleka maji ya mbolea kwenye vitunguu. Maji yale kwa kitunguu ni chakula. Kwa ng'ombe ni kifo, na ng'ombe aliyekaa siku mbili na kiu hanusi kabla ya kunywa.

Wakati huo niliposimama barabarani nilikuwa naamini kwamba jioni iliyotangulia mashine ilikuwa imejaza hori kwa maji ya mbolea.

Lori la makreti ya nyanya lilisimama mbele yangu, tupu, likirudi kutoka sokoni. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Unaenda wapi na huo unga, boss?"

"Kimana. Na si unga, ni kompyuta."

"Kompyuta ndani ya mfuko wa unga! Basi leo ni wewe utasagwa. Panda, naenda huko huko. Lakini napitia Kajiado kwanza kushusha mabati ya mkwe wangu, halafu nakata kwa barabara ya Mashuuru."

Nikapanda. Tulipopita Isinya aliniuliza ninakimbilia nini, nami nikamweleza kama nitakavyoeleza hapa, kwa sababu hakuna njia fupi.

Programu ya jirani yangu ilitegemea maktaba ya hesabu, yaani maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, ambayo yeyote huyachukua bure ili asianze kila kitu upya. Katika maktaba ile unapanga vitu vyako kwenye safu, halafu unakitaja unachokitaka kwa njia mbili: kwa mahali kilipo kwenye foleni, au kwa jina ulilokibandika. Shida huja pale jina lenyewe likiwa nambari. Ni kama mitungi ya maji iliyopangwa kioskini. Ukisema "nipe wa tatu," unataka wa tatu kwenye foleni, au ule ulioandikwa tatu ubavuni? Kwa miaka mingi maktaba ile, ikipewa nambari tupu, ilikisia kwamba umetaja mahali kwenye foleni. Wenyewe wakaona kukisia ni hatari. Wakabishana kwa muda mrefu, kisha wakaamua kwamba kuanzia toleo jipya nambari tupu itakuwa jina, basi.

Mabishano hayo niliyasoma yote, kwa sababu mtu asiye na shule husoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa ya mende. Mmoja wao aliandika kwamba hadhani kuna mtu bado anategemea tabia ya zamani. Nilikubaliana naye. Mpaka leo naona walifanya sawasawa, na hilo ndilo lililonitia baridi zaidi. Kosa la mzembe hurekebishwa mara likionekana, lakini jambo lililofanywa sawasawa nani atalirudisha nyuma?

"Sasa hiyo inaua ng'ombe namna gani?" dereva akauliza.

Nikamwambia habari za rangi. Kimana, nambari ni ya mtu, si ya mahali. Koki zimepakwa nambari kwa kufuata jinsi familia zilivyojiunga kuchimba mfereji wa kwanza, na marehemu mume wa yule mama alikuja wa tatu. Baadaye mashamba yalipogawanywa na kuwekewa ua, hori lake lilisogezwa juu, karibu kabisa na matangi. Koki yake ikawa ya kwanza kwenye bomba, lakini ikabaki imeandikwa tatu. Watu walipotaka kupaka upya ili nambari zifuatane, mama alisimama mbele ya koki. Tatu ni ya mzee wangu, alisema, yeye akifa, nambari yake haifi.

Jirani yangu alikaa Kimana siku moja tu, siku ya kufunga mashine. Alitembea kando ya bomba akihesabu koki kama mtu anavyohesabu milango ya ploti za Kitengela, ambako mlango wa tatu ni wa tatu. Na kwa kuwa kompyuta huanza na sifuri, ya kwanza ikawa sifuri na ya nne, ile ya vitunguu mwisho wa bomba, ikawa tatu. Nambari za rangi alizibandika kama majina ya koki, lakini amri aliziandika kwa mahali: maji safi, sifuri. Mbolea, tatu.

Dereva alipunguza mwendo bila kujua amepunguza. "Na sasa tatu ni ile imeandikwa tatu."

"Ndiyo."

"Ya mama."

"Ndiyo."

"Na sifuri?"

"Hakuna koki iliyoandikwa sifuri. Ikiitafuta haiipati, inapita."

"Inapita kimya kimya? Hata haisemi?"

Hilo ndilo swali ambalo sikutaka aulize. Mashine ilikuwa ikisema. Maktaba ile ilitoa onyo kila ilipotumiwa kwa njia ya zamani, kwamba siku zijazo jambo hili litabadilika, na kila jioni onyo hilo lilitokea kwa maandishi mekundu kwenye kioo kidogo cha kisanduku. Watu wa Kimana hawakulipenda. Walisema mashine inanung'unika. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa vitunguu aliyetoka upande wa Murang'a, aliiombea mbele ya watu, na jioni iliyofuata ikanung'unika tena. Wafugaji wakasema kitu kinacholalamika kila jua likishuka kinamwita mtu kaburini. Mwishowe mama akapiga simu kwa niaba ya wote: "Mwambie huyo msichana aifunge mdomo, ama tuing'oe." Jirani yangu akaandika mstari mmoja, akautuma kwenye kadi ya kumbukumbu kwa mkono wa dereva wa lori la vitunguu, na mashine ikanyamaza. Ilifundishwa kutosema neno lolote, la onyo wala la kosa. Nilikuwepo alipouandika. Tulikuwa tunakula ugali, na tulicheka.

Na kwa kuwa Kimana ilikuwa na netiwaki ya kupiga simu tu, bila intaneti, mashine iliendelea na maktaba ya zamani salama. Ilikuwa imeagizwa kwamba siku ikipata mtandao ijisasishe yenyewe, yaani ichukue toleo jipya la maktaba. Taa ya kijani maana yake ni hiyo tu.

Kajiado tulishusha mabati nyuma ya mji, kwenye boma la wakwe wa dereva. Nilidhani tungegeuza lori hapo hapo. Mama mkwe akatoka na birika.

"Kunywa," dereva akaninong'oneza. "Chai ya wakwe haikataliwi. Nikikataa leo, bibi yangu atasikia kabla tufike Imaroro."

"Kuna ng'ombe wanakufa."

"Na mimi nitakufa. Kunywa haraka."

Tuliketi. Baba mkwe akataka kujua bei ya nyanya, kisha hali ya barabara, kisha mimi ni wa nani. Kikombe changu kilijazwa tena kabla sijakiweka chini. Ndipo simu ikalia, nami nikasimama kwa shukrani. Alikuwa jirani yangu, kutoka Matasia, niliyekuwa nimempigia mara kadhaa njiani.

"We, mbona umenipigia hivyo? Leo mtoto anawekwa wakfu kanisani, nyumba imejaa watu."

"Taa imekuwa ya kijani."

"Taa gani?"

"Ya Kimana."

Nyuma yake niliwasikia wanawake wakiimba na sahani zikigongana. Mlango ukafungwa, kelele zikapungua.

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Nilikuwa nirudi kuandika ile mistari upya," alisema. "Haki ya Mungu nilikuwa nirudi. Nilijua netiwaki ya Kimana ni maneno ya wanasiasa."

"Huwezi kuingia kwa mashine kutoka huko?"

"Mlango wake unafunguka kutoka ndani. Inatoka, inachukua kitu chake, inarudi. Mtu wa nje haingii. Si wewe ulisema tufunge hivyo, watu wasiibe maji?"

"Ni mimi."

"Wamechanganya mbolea?"

"Sijui. Simu ya mama imezimwa."

"Saa hii vitunguu vya huko viko na njaa. Wamechanganya." Sauti yake ikashuka. "Uko wapi?"

"Kajiado. Kwa wakwe za dereva. Nakunywa chai."

"Unakunywa nini?"

Barabara ya Mashuuru ni nzuri, na siku hiyo ilikuwa tupu. Dereva hakutaka hadithi tena. Alikuwa amefungua vifungo vya shati na kushika usukani kwa mikono miwili. Kando ya lami kulikuwa na mifupa ya ng'ombe wa kiangazi kilichopita, imesukumwa pembeni ikabaki hapo, mbavu juu. Mvua haikuwa imenyesha. Kila tulipopata netiwaki nilitazama ule ujumbe, na kila mara alama ilikuwa moja. Nilijaribu kufikiria saa ambayo ng'ombe wa mama huletwa majini. Aliwahi kuniambia huchungwa mbali na hurudi kunywa siku moja ikiruka, jua likiwa limelegea. Sikukumbuka kama siku hiyo ilikuwa ya kunywa au ya kuruka.

Kimana niliijua kwanza kwa mnara. Ulikuwa mpya, mwekundu na mweupe, umesimama juu ya mashamba ya nyanya. Dereva alinishusha sokoni, akamwita mtu wa boda boda kwa mluzi, akamwambia: "Huyu mpeleke kwa mama wa koki ya tatu, na usimpitishe kwa mtu yeyote mwenye chai."

Hori lilikuwa la saruji, refu, limejaa mpaka ukingoni. Maji yalikuwa maangavu, na mbingu ilionekana ndani yake. Kando yake alilala kondoo, tumbo limevimba kama ngoma, mguu mmoja ukipiga hewa polepole. Wa pili alikuwa hatua chache mbele na hakuwa akipiga chochote. Mama alikuwa amechuchumaa kati yao. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake, shuka la bluu begani, shanga shingoni.

"Takwenya, yeyo," nilisema, salamu ya Kimaa niliyokuwa nayo.

"Iko," alijibu bila kuinua macho. Halafu akaitambua sauti. "Ero, fundi. Umekuja kuona mashine ikifurahi? Kondoo wangu wamekula majani mabaya."

"Si majani. Ni maji, mama. Hori liko na mbolea."

Alinitazama kama mtu anayengoja nicheke. Nikamuuliza simu yake iko wapi. Akasema ameipeleka dukani kuchajiwa. Kisha akageuza kichwa ghafla upande wa vichaka, nami nikasikia kengele. Siku hiyo ilikuwa ya kunywa.

Vumbi lilionekana kwanza. Ng'ombe walikuwa wamenusa maji na walikuwa wakija kwa mwendo ambao ng'ombe hawaendi bure, shingo mbele, wachungaji wawili wazima wakiwakimbilia ubavuni. Mama aliinuka akapiga yowe kwa Kimaa, wachungaji wakapita mbele na fimbo wakaanza kuwarudisha. Mimi niliingia horini na viatu vyangu, nikatafuta kizibo kwa mikono, nikakipiga kwa spana mpaka kikatoka. Maji yalianza kutoka chini na kufanya dimbwi.

"Dimbwi pia!" nilipiga kelele. "Wasilambe dimbwi!"

Mama alikuwa ameshaelewa. Aliburuta matawi ya miiba kutoka kwenye ua wa boma, akayatupa juu ya tope, akarudi kuchukua mengine. Fahali mmoja mweusi alipenya akafika mpaka kwenye miiba, akaingiza pua. Alimpiga usoni kwa kiganja, mara nyingi, akimwita kwa jina, mpaka akarudi nyuma akilia.

Nilikimbia kwenye kisanduku. Taa ya kijani ilikuwa ikiwaka, na kioo kilikuwa safi, bila neno lolote. Ning'oe nyaya, hilo nililijua. Baada ya kung'oa, nilifunga tangi la mbolea kwa mkono, nikafungua la maji safi, nikaikaza spana kwenye koki iliyoandikwa tatu mpaka ikazunguka. Maji yakaanza kumwagika kwenye hori tupu.

Lakini bomba ni moja. Maji ya mwanzo yangesukuma yale yaliyobaki ndani, na sikujua yamebaki kiasi gani. Ng'ombe waliyasikia yakianguka. Wachungaji walikuwa wamechoka, na mmoja alinifokea kwa Kimaa, maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

"Maji ni mazuri?" mama akauliza.

"Nadhani."

"Sijakuuliza unadhani. Kunywa."

Nilikinga mikono nikanywa. Nikanywa tena. Yalikuwa na chumvi kidogo, au hayakuwa nayo. Ulimi wangu ulikuwa wa Kitengela, na chumvi kwake ilikuwa ladha ya maji. Nilisimama hapo kidevu kikidondosha maji, nikigundua kwamba kati ya watu wote waliokuwepo mimi ndiye niliyefaa kidogo kabisa kuulizwa.

Alisoma uso wangu. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Acha yatoke."

Yakatoka. Tuliyaacha yapite kwenye hori lisilo na kizibo, akaonja tena, akatema tena. Ng'ombe walikuwa wakilia kwa sauti niliyowahi kuisikia mara moja tu, kwenye lori lililopinduka. Mara ya tatu alionja, akafumba macho, akameza. Alinipa kizibo, nami nikakirudisha mahali pake na kukikaza kwa spana. Kisha alipiga mluzi mfupi, wachungaji wakaondoa fimbo.

Walikunywa mpaka mbavu zao zikapotea. Mama alipita nyuma yao akiwataja kwa rangi zao, kwa sababu kwao ng'ombe hawahesabiwi. Alisimama alipomfikia yule fahali mweusi, ambaye pua yake ilikuwa bado na tope.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilimwambia nitatafuta chumba sokoni, nirudi asubuhi kuandika upya ile mistari.

"Hapana," alisema. "Utalala hapa." Alionyesha nyumba ndogo kando ya zizi la ndama, ambayo mlango wake ulitazama ng'ombe. Kulikuwa na kitanda cha ngozi ndani, na blanketi lililokunjwa. "Toa viatu."

Nilidhani ni kwa sababu vimelowa. Alivichukua, akavikung'uta maji, akavitia chini ya kwapa.

"Viatu vyako vitalala kwangu. Asubuhi wakisimama wote, utavaa."

Alileta chai ya maziwa kwenye vikombe viwili, akaketi mlangoni pangu, akanipa kimoja. Iliivishwa kwa maji ya bomba lile. Nilikunywa polepole, nikiitafuta ladha, nisiipate. Nje ng'ombe walianza kulala mmoja mmoja, kama wafanyavyo kila jioni, na kila mmoja alipokunja magoti kwenda chini, mama aliacha kunywa, akageuka kumtazama.